Kijana aliyening'inia kwenye chuma

Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka 2014, katika jiji la Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 17 aitwaye Sam Bennett alisimama chini ya chuma kilichowekwa juu ya kichwa chake. Kazi aliyopewa ni ile ambayo kila aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa anaifahamu: shika chuma, jivute mpaka kidevu kipite, shuka, rudia. Bennett alishika chuma. Akajaribu kujivuta. Hakupanda hata mara moja.

Huyu hakuwa mchezaji wa mtaani. Ofisi ya wasaka vipaji ya NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni huko Amerika ya Kaskazini, ilikuwa imekwisha kumweka namba moja kati ya vijana wote wa bara lile waliokuwa wakingoja kuchukuliwa na klabu mwaka huo, ukiacha magolikipa. Kwa hiyo habari ilienea upesi. Waandishi waliandika, mashabiki walicheka. Mtu ambaye hawezi kuinua mwili wake mwenyewe, walisema, atawezaje kugombana na majitu ya kilo 100 kwenye barafu?

Najua kwamba wengi wetu barafu tunayoifahamu ni ile ya kwenye glasi ya maji ya machungwa. Hata hivyo mchezo huu haupo mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wa timu hiyo walipelekwa Toronto wakacheza pamoja na nyota wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini sababu yangu ya kulileta jambo hili leo si hiyo. Ni kwamba swali lililoning'inia pale pamoja na Bennett ni la michezo yote: unapompima mchezaji mwili wake, unapima nini hasa, na majibu yale ni mali ya nani?

Kwanza niueleze mchezo kwa wale ambao hawajauona. Kila upande una watu sita, mmoja wao golikipa. Wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kuteleza juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 60 hivi, wakisukuma kwa magongo kisahani cha mpira mgumu chenye uzito usiozidi gramu 170. Muda wa mchezo ni dakika 60, katika vipindi vitatu. Lakini hakuna anayekaa uwanjani dakika 60 isipokuwa golikipa. Mchezaji huingia akateleza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, akapigana mabega na wenzake, kisha huruka nje na mwingine akaingia, mchezo ukiendelea bila kusimama. Hukaa kwenye benchi dakika moja na nusu au mbili, akahema, akarudi. Hufanya hivyo zaidi ya mara 20 katika mechi moja.

Fikiri unakimbiza daladala inayoondoka kituoni, tena umebeba gunia. Umeikosa. Umekaa dakika mbili, inakuja nyingine, unaikimbiza hiyo nayo. Mara 20 na zaidi. Hayo ndiyo maisha ya mchezaji yule, na mgongo na magoti yake yamekunjwa wakati wote, hali ambayo huifanya damu ipite kwa shida katika misuli ya mapaja.

Mwili unaofanya kazi ya namna hiyo unahitaji injini mbili. Moja ni ya mlipuko, inayotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi bila kungoja hewa. Nyingine ni ya pumzi, inayotumia oksijeni, ambayo kazi yake kubwa hapa si kumkimbiza mchezaji bali kumrudisha katika hali yake anapokuwa kwenye benchi. Mwenye injini ya kwanza peke yake atawaka katika kipindi cha kwanza, na kipindi cha tatu atakuwa anakokota miguu. Mwenye injini ya pili peke yake hatafika kwenye kisahani kabla ya mwenzake.

Haya yote leo yanaonekana wazi. Hapo zamani hayakuwa wazi hata kidogo, hasa kule Kanada ambako mchezo huu ndiko kwao. Kwa miaka mingi mchezaji wa kulipwa wa Kanada alipumzika wakati wote wa kiangazi, akanywa bia zake, akavua samaki, akaja kambini mwezi Septemba ana kitambi. Kambi ndiyo iliyokuwa ya kumrudisha katika hali yake. Mwaka 1951 mwalimu mmoja wa mazoezi wa Toronto, Lloyd Percival, alitoa kitabu cha kufundisha mchezo huu, akihimiza mazoezi ya mwili, chakula bora na ufundishaji wa kitaalamu. Wakubwa wa mchezo nyumbani kwake walikibeza. Nani atamfundisha Mkanada kucheza magongo barafuni?

Kitabu hicho kilipata msomaji makini mahali pengine. Huko Moscow, Anatoli Tarasov, mwalimu wa klabu ya jeshi ya CSKA, alikuwa akijenga mchezo huu katika nchi ambayo ilianza kuucheza kwa dhati mwaka 1946 tu, na ambayo viwanja vyake vya barafu vilikuwa vya kuhesabu. Tarasov alikisoma kitabu cha Percival na kukiheshimu. Tena, kwa kuwa barafu ilikuwa haba, aliwafanyisha vijana wake mazoezi mengi nchi kavu: kubebana mabegani, kuruka, kunyanyua vyuma, kupinduka. Shida ikawa mwalimu. Chini yake na mwenzake Arkady Chernyshev, timu ya Kisovieti ilichukua ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 1963 hadi 1971.

Kisha ikaja Septemba 2, 1972. Kwa mara ya kwanza wachezaji wa kulipwa wa Kanada, walio bora kabisa, walikutana na Wasovieti katika mfululizo wa mechi nane. Ya kwanza ilichezwa Montreal usiku wenye joto. Kanada walifunga bao sekunde ya 30. Dakika chache baadaye wakafunga la pili. Watu uwanjani wakaanza kuhesabu mabao mangapi yatafungwa. Naam, yalifungwa mengi, lakini upande wa pili: mechi iliisha Wasovieti 7, Kanada 3. Wakanada walikuwa wameishiwa pumzi, na wale wengine walizidi kuteleza kana kwamba ndio kwanza wanaanza. Mwishoni Kanada waliokoa heshima yao, wakashinda mechi nne kwa tatu na sare moja, kwa bao la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34 za mechi ya mwisho. Lakini usiku ule wa Montreal haukusahaulika. Mambo ya kupima mwili wa mchezaji kwa mashine na saa, ambayo hapo awali yalionekana ni ya maprofesa, yalianza kupata wasikilizaji.

Kabla sijaendelea, kuna kisa kidogo cha mwaka ule ule ambacho nakipenda. Kanada walikuwa wametuma wasaka vipaji kwenda kuwapeleleza Wasovieti. Wakamtazama golikipa kijana, Vladislav Tretiak, akifungwa mabao mengi katika mechi moja. Wakarudi na taarifa kwamba golikipa si kitu. Kumbe kijana yule alikuwa anafunga ndoa kesho yake, na akili yake haikuwa golini. Waliokuja kukutana naye Septemba walimkuta golikipa mwingine kabisa, mmoja wa walio bora ambao dunia imewahi kuwaona. Walimpima siku moja, na siku yenyewe ilikuwa mbaya.

Sasa tuingie katika chumba cha vipimo. Kila mwaka, kabla klabu za NHL hazijagawana vijana kwa zamu, ligi huwaita wapatao 100 mahali pamoja kwa wiki nzima. Kwa miaka mingi ilikuwa Toronto. Tangu 2015 ni Buffalo, jimbo la New York. Vijana huhojiwa na klabu, hukaguliwa na madaktari, kisha hupimwa mbele ya watu wenye kalamu na karatasi. Nikiwaza picha yake, namkumbuka mnunuzi wa mnada wa ng'ombe, anavyomfunua mnyama mdomo na kumbonyeza nundu. Tofauti ni kwamba ng'ombe hajui kinachoendelea.

Wanapimwa urefu na uzito. Wanapimwa nguvu ya kiganja, kwani gongo hushikwa kwa viganja. Wanapimwa umbali wa kuruka mbele wakiwa wamesimama, na kimo cha kuruka juu. Kwa miaka mingi walilazwa chali wakasukuma juu chuma cha ratili 150, kama kilo 68, mara nyingi kadiri walivyoweza. Na kuna kile chuma cha kujivutia.

Kipimo wanachokiogopa kuliko vyote ni cha baiskeli. Kinaitwa Wingate, na jina lake lina njia ya ajabu kidogo. Orde Wingate alikuwa afisa wa Kiingereza ambaye mwaka 1941 aliongoza kikosi kilichosindikiza Mfalme Haile Selassie kurudi Addis Ababa baada ya Waitalia kufukuzwa. Kabla ya hapo alikuwa Palestina, na Waisraeli baadaye wakakiita kwa jina lake chuo chao cha michezo karibu na mji wa Netanya. Katika chuo hicho, miaka ya 1970, watafiti walibuni kipimo rahisi sana kukieleza. Mpandishe mtu kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Weka breki yenye uzito unaolingana na mwili wake; kipimo cha awali kilikuwa asilimia 7.5, maana yake mtu wa kilo 80 anawekewa kilo 6, na wanariadha wakubwa huwekewa zaidi. Kisha mwambie apige pedali kwa nguvu zake zote kwa sekunde 30.

Sekunde 30 si kitu, utasema. Jaribu. Sekunde tano za mwanzo kijana anajiona shujaa, na hapo ndipo mashine inapoandika nguvu yake ya juu kabisa. Kufika sekunde ya 15 miguu imekuwa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye tope la mpunga. Sekunde kumi za mwisho ni za mateso matupu, na watu wanamzunguka wakimpigia kelele asiache. Mashine inaandika ameshuka kwa kiasi gani kutoka pale juu. Akimaliza anasaidiwa kushuka, na wengi huishia kwenye ndoo kutapika. Ndoo zimewekwa tayari; ni sehemu ya vifaa.

Kipimo hiki ni cha ile injini ya mlipuko, na sekunde zake 30 haziko mbali na zamu moja ya uwanjani. Kwa injini ya pili kuna baiskeli nyingine, polepole zaidi. Kijana anafunikwa mdomo kwa kifaa kinachopima hewa anayovuta na anayotoa, breki ikaongezwa hatua kwa hatua mpaka ashindwe. Jibu linalotoka ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa kila kilo kwa kila dakika. Mchezaji mzuri wa magongo barafuni hupata mililita 50 hadi 60. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu hupita 70, na wengine 80.

Wasio na mashine wana njia nyingine. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alieleza kipimo cha kukimbia dakika 12 na kuhesabu umbali. Hicho wasikilizaji wa soka mnakijua vizuri, maana waamuzi wetu walipimwa nacho kwa miaka mingi, na jina la daktari huyo likawa la kawaida katika kurasa za michezo kila waamuzi walipofeli. Mwaka 1982 Luc Léger wa Chuo Kikuu cha Montreal, pamoja na mwenzake Lambert, wakatoa kipimo cha mita 20. Unakwenda na kurudi kati ya mistari miwili ukifuata mlio wa kanda, mlio unazidi kuharakisha, ukichelewa, umetoka. Kama kinavyotumika sana, kasi huanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika. Kinahitaji mita 20 za ardhi, chaki na kinasa sauti. Shule yoyote ya Nachingwea au Kakamega inaweza kukifanya, na kwa maoni yangu kimesaidia watu wengi kuliko baiskeli zote za Toronto.

Lakini kila kipimo hujibu swali lake na si zaidi. Baiskeli haina barafu chini yake. Kuteleza ni ufundi: mtu aliyejifunza tangu utotoni hutumia pumzi kidogo kwenda mbali, na asiyejua huimaliza yote akitapatapa. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano huko Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika kilomita 10 za kuteleza kwa mbao kwenye theluji. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mwenye mapafu ya nyanda za juu, na alikuwa amejifunza theluji kwa miaka miwili hivi huko Finland. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye mstari akamkumbatia, na alifanya vema. Mapafu ya Boit hayakuwa na kasoro. Miguu yake ilikuwa haijaijua theluji.

Upande wa pili wa sarafu ni Wayne Gretzky. Hakuna aliyewahi kukusanya pointi nyingi kama yeye katika NHL: 2,857, yaani mabao aliyofunga na pasi zilizozaa mabao. Mabao yake 894 yalikuwa rekodi tangu alipostaafu mwaka 1999 hadi Aprili 2025 alipopitwa na Alexander Ovechkin. Na inajulikana sana kwamba katika vipimo vya nguvu vya klabu yake ya Edmonton Oilers alikuwa akishika mkia. Nguvu yake ilikuwa kujua kisahani kitakwenda wapi kabla hakijakwenda. Hakuna baiskeli inayopima hilo.

Klabu zenyewe zinaelewa, hata kama hazisemi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulichukua vipimo vya vijana wapatao 250 waliopita katika chumba kile kuanzia 2001 hadi 2003, ukavilinganisha na zamu waliyochukuliwa. Vipimo havikuweza kutabiri nani angechukuliwa mapema na nani baadaye. Wenye klabu waliwatapisha vijana kwenye ndoo, kisha wakaenda kuchagua kwa kutazama walivyocheza.

Basi mtu atauliza: kama ndivyo, vipimo vya nini? Si tuviache?

Hapana, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana sasa hatuzungumzi tena mambo ya nani atachaguliwa wa ngapi. Tunazungumzia uhai.

Mwezi Septemba 2002, mlinzi wa Detroit Red Wings, Jiří Fischer kutoka Jamhuri ya Czech, alikaguliwa mwili kama wachezaji wote kabla ya msimu. Ukaguzi ulionyesha kwamba moyo wake una kasoro. Msuli wake umenenepa kuliko kawaida. Alichunguzwa zaidi, akaruhusiwa kuendelea kucheza. Jioni ya Novemba 21, 2005, akiwa na miaka 25, alianguka kwenye benchi katikati ya mechi dhidi ya Nashville. Moyo ulikuwa umesimama. Daktari wa timu, Tony Colucci, alikuwa hatua chache kutoka pale. Alimkandamiza kifua, na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa karibu na inafanya kazi. Fischer aliamka. Hakucheza tena, lakini yu hai, na baadaye alifanya kazi katika klabu ile ile ya kuwalea wachezaji vijana.

Ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa ndio uliomwua Marc-Vivien Foé wa Kameruni mbele ya macho yetu kule Lyon, Juni 26, 2003. Huyu hakuna msikilizaji asiyemkumbuka.

Sasa tazameni tofauti. Oktoba 13, 2008, katika mji wa Chekhov karibu na Moscow, kijana wa miaka 19, Alexei Cherepanov wa klabu ya Avangard Omsk, alianguka kwenye benchi akitoka tu uwanjani. Mwaka mmoja kabla ya hapo klabu ya New York Rangers ilikuwa imemchagua, wa 17 katika zamu. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka uwanjani, ikabidi liitwe lirudi. Mashine ya kuushtua moyo ililetwa, betri yake imekufa. Kijana alifariki. Wachunguzi walisema alikuwa na uvimbe wa msuli wa moyo, ugonjwa ambao mtu mwenye nao hapaswi kucheza hata dakika moja.

Alikuwa mchezaji wa kulipwa, katika ligi tajiri, ambaye kila wiki watu walijua ana kasi gani na anapiga kisahani kwa nguvu gani. Vipimo vinavyomfaa mnunuzi vilikuwepo vyote. Kile kinachomfaa mwenye mwili ndicho kilichokosekana, au kilifanywa kisisomwe. Nasema bila kuficha kwamba hata hapa kwetu nimewahi kuona klabu inampima mchezaji mpya kwa kumkimbiza mizunguko kumi, wazee wakiwa na saa mkononi, na cheti cha daktari kikasainiwa bila daktari kumgusa kifua kijana mwenyewe. Kumkimbiza mtu mpaka ashindwe kabla hujausikiliza moyo wake ni kuanza kazi kwa mkia. Waliobuni vipimo hivi vya kumfikisha mtu mwisho wa nguvu zake waliweka mpango mwingine: kwanza maswali ya afya, nani kwenu alikufa ghafla akiwa kijana, umewahi kuzimia ukikimbia, kisha presha, kisha moyo, ndipo baiskeli. Maswali hayo hayahitaji umeme.

Turudi Toronto, tulipomwacha Sam Bennett.

Mwezi mmoja baada ya aibu ile, klabu ziligawana vijana. Alichukuliwa wa nne, na Calgary Flames. Oktoba mwaka ule ule wa 2014 alifanyiwa upasuaji wa bega, bega lililokuwa likimsumbua kwa muda. Wengi hapo waliunganisha mambo mawili. Chuma kile huenda kilisema kweli kuliko wote waliocheka. Kilisema bega hili lina kasoro. Waliosikia walielewa kwamba kijana huyu ni dhaifu. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa: la kwanza linampeleka mtu kwa daktari, la pili linampeleka mwisho wa foleni.

Na hilo ndilo linalonisumbua katika mnada wa namna ile. Kijana wa miaka 17 anajua kwamba akisema bega linauma, bei inashuka. Kwa hiyo ananyamaza na kushika chuma. Vipimo vile vile vikifanywa na mwalimu wake kambini, mara tatu kwa mwaka, matokeo yakiandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, angesema. Mwalimu angeona kwamba Machi alijivuta mara tano na Mei hajivuti, akauliza kulikoni. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba ya leo pembeni ya namba ya miezi mitatu iliyopita ya mtu yule yule ndiyo inayosema. Klabu nyingi za NHL siku hizi hufanya hivyo kwa wachezaji walio nao tayari, na hapo vipimo vinafaa kwelikweli: kumrudisha aliyeumia kwa wakati wake, kumpunguzia kazi aliyechoka, kumwongezea anayezembea.

Bega likapona. Januari 2016, akiwa na miaka 19, Bennett alifunga mabao manne katika mechi moja dhidi ya Florida Panthers. Mwaka 2021 akahamia klabu hiyo hiyo ya Florida. Huko akakutana na wawili kati ya wale watatu waliochukuliwa kabla yake mwaka 2014, Aaron Ekblad aliyekuwa wa kwanza na Sam Reinhart aliyekuwa wa pili, na kwa pamoja wakachukua Kombe la Stanley mwaka 2024. Mwaka 2025 wakalichukua tena. Katika mechi za mtoano za mwaka huo Bennett alifunga mabao 15, akapewa tuzo ya Conn Smythe, ambayo hupewa mchezaji aliyeng'ara kuliko wote katika mechi hizo.

Nimeitazama picha yake ya jioni ile ya Juni. Kombe la Stanley lina uzito wa kilo 15 na ushei. Amelinyanyua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.